Mchezo wa Waziri, Sehemu ya Pili

Baba yangu alifungwa kwa sababu ya muntu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Alikuwa Waziri, lakini Waziri wa ndani ya redio, wa mchezo uliosikika kila Jumapili saa kumi za alasiri. Nchi yake haikuwa na jina. Ilikuwa na bahari, na bandari, na jumba la serikali lenye ngazi nyingi, na Kanali aliyecheka kabla ya kusema. Sisi ambao hatukuwahi kuona bahari tuliijua ile bandari kuliko tulivyoijua Sake, mji wetu wa karibu.

Ilikuwa miaka ya sitini, endepandansi, uhuru wetu, ingali mbichi. Tulikaa Kibabi, upande wa Masisi, kwenye mgongo wa kilima, maharagwe upande unaopata jua asubuhi na mihogo chini kulikokuwa na joto kidogo. Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimetoka shule ya masista, nikarudi nyumbani nikingoja kujua kama nitaolewa ao nitafundisha, na wakati wa kungoja nililima kama wengine.

Redio baba aliinunua baada ya kuuza ndama. Mama hakumsemesha siku nyingi.

"Ndama inakula majani, kisha inatoa maziwa," aliniambia mimi, ili baba asikie. "Hii kasanduku itatoa nini?"

"Habari," baba akajibu toka nje.

"Habari tuko nazo nyingi. Maziwa njo hatuna."

Lakini sanduku lile lilitoa mchezo, na mchezo ukabadilisha Jumapili zetu zote. Misa ikiisha watu walikwenda nyumbani kula, na jua likianza kuteremka kuelekea Nyamitaba walikuja kwetu, kila mmoja na kiti chake na blanketi lake begani, maana ukungu wa kule haumwogopi mtu. Walikuja Wahunde wenzetu, wakaja majirani wanaosema Kinyarwanda, na mzee mmoja mfugaji aliyekaa ng'ambo ya kijito alileta maziwa ndani ya kibuyu na kumpa mama bila kusema kitu, kana kwamba alijua habari ya ndama. Tulichoma mahindi. Baba peke yake ndiye aliyegusa redio. Kwenye kioo chake alikuwa amekwaruza alama kwa ncha ya kisu, pale mshale unapotakiwa kusimama, na kila Jumamosi aliyatoa mawe yake ya redio, yaani betri, akayaanika juani juu ya mwamba, karibu na maharagwe, ili yapate nguvu ya kufika kesho.

Waziri wetu alikuwa na sauti nzito, sauti ya muntu aliyeshiba bila kuiba. Alikataa kuuza bandari ya nchi yake kwa wageni, na kwa hiyo Kanali akataka afe. Katibu wake alikuwa upande wa Kanali. Huyo sauti yake ilikuwa laini kama siagi, na kila aliposema "Mheshimiwa" wanawake wa Kibabi walitema mate. Aliyejua siri yote alikuwa shofere. Shofere husikia kila kitu, kwa sababu wakubwa husahau kwamba gari lina muntu anayeliendesha.

Mama mwanzoni alikaa jikoni. Kisha akahamia mlangoni pa jiko. Mke wa Waziri alipoanza kushuku kwamba kuna jambo, mama alikuja akaketi mbele kabisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukohoa wakati yule mke akisema.

Sehemu ya kwanza iliisha vibaya. Waziri yuko ndani ya gari, anateremka bandarini kuwahutubia wapakizi. Tunasikia gari, tunasikia bahari. Kisha risasi, kisha kioo kinavunjika, kisha hakuna kitu. Msemaji akatuambia kwa utulivu kwamba mchezo unapumzika hapo, na kwamba sehemu ya pili itatangazwa wakati wake.

Mama mmoja jirani akaanza kulia kilio cha msiba, mikono kichwani.

"Nyamaza," mama yangu akamwambia. "Maiti hatujaiona."

Tukapanda maharagwe, tukapalilia, tukavuna, na sehemu ya pili haijaja. Katika nchi yetu wenyewe mawaziri wa kweli walikuwa wakibadilishwa upesi. Hatukuwahi kumaliza kujifunza majina yao. Tulisikia hizo habari kabla ya muziki, tukazisahau. Lakini juu ya yule mmoja aliyepigwa risasi bandarini watu waligombana shambani hadi wakasimamisha majembe.

Siku ya sehemu ya pili ilipofika, uwanja wetu ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta wa mawe. Muziki wa mwanzo ukapiga, ngoma ile ile. Waziri hakufa! Tukapiga kelele za furaha. Kisha akafungua mdomo wake hospitalini, akamwita mke wake, na kelele zikazimika zote kwa pamoja.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, yenye haraka, sauti ya muntu anayekimbiza basikeli.

Hatukujua jambo la wasanii na mikataba yao. Kwetu sauti ilikuwa ndiyo muntu. Mwisho wa mchezo hakuna aliyeondoka.

"Ule Waziri wa kweli balishamuua," baba akasema. "Huyu iko mwingine. Kanali njo alimuweka pale, bafanane uso, ili auze bandari."

"Hapana, Papa," mzee mfugaji akasema taratibu. "Iko yeye. Risasi ilimupita ku shingo, sauti ikaharibika. Hata ng'ombe ukiigonga ku shingo inalia mbaya."

"Na bibi yake? Bibi yake hawezi kumujua?"

"Bibi yake anamujua. Njo sababu anamwita 'bwana yangu'."

"Anamwita hivyo juu ya woga!"

Hayo yakawa mabishano ya kilima kizima. Kulikuwa na watu wa baba na watu wa mfugaji. Watu wa baba walisikiliza kila neno la Waziri ili wamkamate akikosea; alipoagiza chai bila sukari baba alisimama akasema, "Mulisikia? Ule wa kwanza alipenda sukari." Mzee mfugaji akajibu kwamba muntu mwenye kidonda shingoni hapendi kitu kitamu. Hawakuchukiana hata kidogo. Baada ya kubishana walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja, na kesho yake mmoja alimsaidia mwenzake kuinua boriti.

Ndipo ikaja Ijumaa ya soko, Mushaki.

Tuliteremka sisi watatu, baba, mama na mimi, na mizigo ya maharagwe. Soko la Mushaki lilikuwa barabarani, ng'ombe upande mmoja, jibini na viazi upande mwingine, na malori yaliyotoka Sake kuelekea Masisi yalisimama hapo kupumzisha injini. Jumapili iliyopita shofere alikuwa amemwambia mpishi kwamba kuna karamu inatayarishwa, na kwamba kwenye glasi ya Waziri kutawekwa kitu. Baba alikuwa na hilo jambo kifuani wiki nzima. Alikutana na watu wa Mushaki ambao nao walikuwa na redio, na mabishano yakawaka.

"Jumapili hii Waziri anakufa!" baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya muntu aliyezoea kuita wenzake toka kilima hadi kilima. "Kanali na Katibu bamekwisha kupanga yote. Batamupa sumu mu karamu."

Polisi wawili walikuwa wakinunua ndizi karibu. Wale hawakuwa watu wa kwetu. Walikuwa wameletwa juzijuzi. Mmoja akaacha ndizi yake.

"Nani atakufa?"

"Waziri," baba akajibu kwa furaha. Alifikiri amepata wasikilizaji wengine.

"Waziri gani?"

"Waziri wa redio."

Siku zile katika serikali ya kweli kulikuwa na waziri mwenye kazi ya redio na habari. Polisi yule alimtazama mwenzake.

"Nani alikuambia hayo?"

"Shofere wake! Alisema kila kitu, wazi kabisa."

"Na wewe unakubali auawe?"

"Mimi naona bamechelewa," baba akasema. "Ule si Waziri. Iko mwizi wa jina."

Niliona mkono wa polisi ukishika kola ya baba. Niliona pia uso wa baba, jinsi kicheko kilivyobaki mdomoni kidogo baada ya macho kuelewa. Alisema, "Ngoja, ngoja, iko mchezo," na polisi wa pili akampiga kofi la mdomo. Watu wa Mushaki waliokuwa wakibishana naye walikuwa wamekwisha kutoweka kati ya viazi. Mama aliacha maharagwe yetu chini, akafuata nyuma yao akinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi kama mawe ya kijito.

Kituo cha polisi kilikuwa nyumba ya zamani ya mzungu fulani mwenye shamba, yenye baraza na maua yaliyogeuka kichaka. Komanda alitoka magharibi ya nchi, mbali. Alisema Lingala na Kifaransa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia maji na moto. Kwa hiyo mama alisema, na mimi niliyetoka kwa masista nikageuza maneno yake kuwa Kifaransa.

"Mwambie bwana yangu hajaua hata panya. Mwambie iko mchezo ya ku redio."

"Mchezo?" Komanda akasema. "Watu wazima wanasimama sokoni, wanapanga kumpa Waziri sumu, nao ni mchezo?"

"Ndiyo, mon commandant. Ni teyatre."

"Hata mimi nikikamatwa nitasema ni teyatre."

Hakuwa muntu mbaya. Ninasema hivyo sasa. Siku ile nilimwona kama Kanali mwenyewe. Alikuwa kijana, alikuwa na hofu, na juu yake kulikuwa na wakubwa wenye hofu kumzidi. Alituambia kwamba Jumatatu lori litapeleka wafungwa mjini, na kwamba mambo ya aina hii yanaamuliwa huko. Tulijua maana yake. Wako watu wa kwetu waliopanda lori kama lile mwaka uliotangulia, na wake zao walikuwa bado wanauliza kila dereva.

Mama alinivuta karibu. Kisha akasema polepole, ili nisikose hata neno: "Mwambie Jumapili saa kumi afungue redio. Atasikia na masikio yake."

"Redio hapa hatuna," Komanda akajibu.

"Basi sisi tutaleta yetu."

Aliinua mabega. Hilo mama alilihesabu kuwa ndiyo.

Jumamosi mvua ilinyesha toka asubuhi. Mama alitoa mawe ya redio, yeye ambaye hakuwahi kuigusa. Akayatazama mawingu, akayatazama mawe, akaenda kuyapanga kando ya moto wa jiko kama viazi vitamu. Alikaa hapo akiyageuza. Nilimsikia akiyasemesha, kwa Kihunde, kwa maneno ambayo mama humwambia mtoto mgonjwa.

Jumapili baada ya misa aliifunga redio ndani ya blanketi akaibeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Tulipotoka uwanjani tulimkuta mzee mfugaji akingoja na fimbo yake na kibuyu cha maziwa. Nyuma yake alikuwa yule mama aliyelia msiba. Nyuma yake wengine. Hakuna aliyewaita. Tulipofika barabarani nilitazama nyuma nikaona kilima kizima kinateremka na viti vyake.

Polisi wa zamu alipotuona alichukua bunduki. Komanda akatoka barazani anafunga vifungo vya koti.

"Hawa wote ni nani?" akaniuliza.

"Ni wasikilizaji," nikasema. Sikuwa na neno lingine.

Alifikiri kidogo, akaamuru baba aletwe. Baba alitoka akipepesa macho, mikono imefungwa mbele kwa kamba, mdomo umevimba, shati lina matope. Mama aliumia kumwona. Nilijua kwa namna alivyoinama kufungua kitenge ili asimtazame. Baba aliona redio.

"Nani alishika redio yangu?"

"Mimi," mama akasema.

"Na mawe? Jana mvua ilinyesha."

"Nilipasha ku moto."

"Ku moto!" Baba alishtuka kuliko aliposikia habari ya lori. Polisi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Redio iliwekwa juu ya meza ya baraza. Nilipeleka mshale kwenye alama ya kisu. Ikakoroma, ikapiga mluzi, na kwa muda hatukusikia kitu isipokuwa mvuto wa pumzi ya watu wengi. Nikawaza: kama leo hawatangazi? Kama leo wakubwa wa redio wameamua kupiga muziki? Kisha ngoma zikaja. Nilimwona mama akifumba macho. Msemaji akasema jina la mchezo, akasema sehemu ya pili, na watu wakashusha pumzi.

Komanda hakubadilika uso. Nilisimama karibu na sikio lake nikageuza kila kitu. Hapa ni jumba la serikali, mon commandant, ni karamu. Huyu anayecheka ni Kanali. Huyu mwenye sauti laini ni Katibu, ndiye ameshika chupa. Huyu ni Waziri.

"Ule ambaye baba yako anataka afe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ana sauti kama karani?"

Lakini Katibu alikuwa amekwisha kumimina. Glasi ziligongana. Kanali akaomba watu wasimame wanywe kwa ajili ya taifa. Mke wa Waziri akasema, "Bwana yangu, usinywe haraka," na Waziri akasema, "Kwa nini, mpenzi?" na sauti yake ikaanza kuwa ndogo, ndogo zaidi, kama muntu anayeteremka shimoni. Redio ikakoroma mara moja ikanyamaza.

Mawe yalikuwa yamekufa.

Mama aliweka mkono mdomoni. Komanda alinitazama.

"Nini sasa? Alikunywa?"

"Sijui, mon commandant."

"Alikunywa ao hakunywa?" Hilo "ao" alilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti kubwa. Alisimama, akazunguka meza, akaingia ndani akipiga milango. Akarudi na tochi yake ndefu ya kazi. Akafungua kitako chake, mawe ya tochi yakaanguka mkononi mwake, mapya, mazito, ya aina ile ile.

Nikajaribu kuyaingiza. Hayakukaa sawa. Mama akajaribu, akayaweka kichwa chini.

"Hapana ivo! Hapana ivo!" baba akalia toka alipokuwa. "La kwanza linatazama juu!"

Komanda alichomoa kisu, akakata kamba ya mikono ya baba kwa mvuto mmoja, akamsukuma kwenye meza akimharakisha. "Vite, Papa, vite!" Baba akageuza mawe, akafunga mlango mdogo wa nyuma, akapiga redio kofi la upole ubavuni.

Sauti zikarudi zote kwa pamoja. Watu wanapiga mayowe karamuni, viti vinaanguka. Muntu ameanguka! Nani? Tukasikia mke wa Waziri analia, na baba akasema, "Amekufa, niliwaambia," na papo hapo sauti ya Waziri, ile nyembamba, ikasema wazi: "Mwinueni Katibu."

Alikuwa Katibu. Shofere alikuwa amepita nyuma yake na sinia, akabadilisha glasi.

Sijui nielezeje kelele za siku ile. Wanawake walipiga vigelegele. Yule polisi aliyempiga baba kofi sokoni alitupa kofia yake juu. Mzee mfugaji alikaa na machozi yanamshuka. Na Komanda, ambaye nilikuwa nimesahau kumgeuzia maneno, alikuwa akinivuta mkono wa gauni, "Ni nani? Ni nani ameanguka?" na nilipomwambia akapiga meza kwa ngumi akasema, "Ah, le chauffeur!" kwa heshima kubwa.

Mwishoni msemaji alisoma majina ya wachezaji, jambo ambalo hatukuwahi kulisikiliza, kwa sababu kwa kawaida wakati ule sisi tulikuwa tunabishana. Akasema kwamba nafasi ya Waziri inachezwa na msanii mpya, kwa kuwa yule wa kwanza alihamia nchi nyingine. Hapakuwa na kidonda cha shingo. Hapakuwa na muntu wa uongo. Mzee mfugaji alimgeukia baba, na wote wawili walikuwa na uso wa watu waliopoteza mbuzi mmoja.

Baba akafikiri. "Hiyo njo Kanali anataka tuamini," akasema.

Komanda alimrudishia mkanda wake. "Nenda nyumbani, Papa. Lakini sokoni usimuue Waziri tena." Kisha, wakati baba ameanza kushuka ngazi, akamwita, na mimi nikageuza: "Anauliza, Kanali alianzaje kumchukia Waziri?"

Mama alikuwa ameshafunga redio mgongoni. Barabara ilikuwa mbele yetu, jua lingali juu ya Nyamitaba, na muntu yeyote mwenye akili angeondoka mbio. Baba alirudi, akaketi kwenye ngazi ya baraza ya kituo kile alicholala ndani yake siku mbili, na mdomo wake ule ule uliovimba ukaanza kumsimulia Komanda na polisi wake sehemu ya kwanza yote, toka siku Waziri alipokataa kutia sahihi. Mimi niligeuza hadi koo likakauka. Mara kwa mara mama alisema, "Twende," kisha, baba alipokosea jambo la mke wa Waziri, akamsahihisha.

Juu ya siku zile mbili kituoni baba hakusema lolote, hata baadaye. Lakini kwa miezi, akiona koti la polisi, aliacha sentensi katikati.

Komanda alianza kupanda Kibabi siku za Jumapili. Mara ya kwanza uwanja uliganda. Alileta mawe mapya ya redio, akampa baba kwa mikono miwili, akatafuta nafasi chini karibu na ukuta, akajifunika blanketi la mama jirani kwa sababu hakuzoea baridi yetu. Kiswahili alijifunza hapo, kwa redio. Kwa hiyo alisema kama Waziri. Akitaka mahindi alisema, "Mheshimiwa mama, naomba kwa unyenyekevu." Mama alicheka hadi akashika ubavu, na siku zote alimchagulia hindi lililoiva vizuri.

Sehemu ya pili iliisha wakati wa palizi. Waziri alipanda meli na mke wake, bandari haikuuzwa, na Kanali alibaki gatini anacheka peke yake. Sehemu ya tatu ikaahidiwa. Haikuja. Vita vilifika katika mji wenye kituo kilichotangaza mchezo ule. Jumapili moja tulifungua tukasikia mvumo tu, kama mvua juu ya majani ya migomba. Baba aliendelea kufungua saa kumi kwa muda mrefu, na watu waliendelea kuja, wachache zaidi kila mara.

Komanda alihamishiwa Walikale. Alikuja kutuaga, akala maharagwe na viazi vitamu, akatupungia mkono toka barabarani. Mzee mfugaji aliondoka baadaye kidogo. Maneno mabaya yalikuwa yameanza kupita vilimani, maneno juu ya nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, na wanawe walimwambia ni vizuri kukaa karibu na ndugu zao. Asubuhi alipohama baba alimsindikiza mbali, akiswaga naye ng'ombe, na aliporudi alikaa uwanjani bila kuingia ndani. Nilimletea maji. Alisema tu, "Nani atanibishia sasa?"

Mwaka uliofuata nami niliolewa na mwalimu, akanipeleka Walikale, ndani ya msitu, ambako kilima hukioni na mbingu ni kipande. Komanda nilimkosa, alikuwa amekwisha kuhamishwa tena. Nilifundisha hapo watoto kusoma. Jumapili alasiri ndizo zilizonishinda. Watu wa huko walikuwa wema, lakini kila mmoja alikaa kwake, na mvua ilipoanza kupiga majani niliweka kiti changu mlangoni bila kujua ninangoja nini. Mume wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana, ni saa kumi tu.